KUZAA NYUMBANI: NANI ANAKAA KARIBU NA MAMA, NA ANA NINI MKONONI?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, mkanda wa usalama, vumbi na baruti. Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo hakuna mwanaume anayeifanya, lakini kila mmoja wetu alipitia humo: kuzaa mtoto.

Katika kambi na mitaa yetu watu wanabishana sana juu ya jambo hili. Mmoja anasema: «Mama yangu alizaa watoto nane nyumbani, wote wako wazima. Kwa nini bibi yangu aende maternite?» Mwingine anajibu: «Hapana, maternite tu, nyumbani ni kufa.» Mwingine tena anasema: «Shemeji yangu alienda maternite, na huko ndiko alikofia.»

Wote watatu wanasema mambo waliyoyaona kwa macho yao. Lakini swali lao lina kasoro. Wanauliza: nyumba ipi? Sisi tunataka uulize maswali matatu mengine: Nani anakaa karibu na mama? Ana nini mkononi? Na kama mambo yanaharibika, iko dakika ngapi mpaka kwa munganga wa kupasua?

Kapita mwenye akili hawezi kupeleka watu chini ya udongo bila kujua nani anaongoza, vyombo gani viko, na njia ya kutokea iko wapi. Kwa mama anayezaa ni vile vile.

ZAMANI NA SASA

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuwa wanaume peke yao, waliokuja kwa mkataba mfupi na kurudi kwao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920, kampani ilitaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto wao kambini. Ndipo maternite zikajengwa, watoto wakapimwa kilo, na wamama wakafundishwa. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Serikali, na kampani iliyopata jina la Gécamines ikaendelea na hospitali zile. Hii ndiyo sababu hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna wazee wengi sana waliozaliwa katika maternite ya kampani, wakati vijiji vingi bado havikuwa na maternite hata moja.

Kisha miaka ya taabu ikaja. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na shaba ikapungua mwaka kwa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Pamoja na kazi, haki ya kutibiwa kwa kampani ikaisha, kwa baba, kwa mama na kwa watoto. Katika jamaa nyingi wamama walirudi kuzaa nyumbani, wala si kwa kupenda. Franka hazikuwako. Na wengi waliogopa kushikwa maternite pamoja na mtoto mpaka deni lilipwe.

Basi mama anayezaa nyumbani asitukanwe kuwa mjinga. Mara nyingi amehesabu franka zake, akaona hazifiki.

HESABU INAYOTUPASA KUFIKIRI

Katika miaka 2013 na 2014 uchunguzi mkubwa wa afya ulifanywa katika nchi yetu nzima. Ulionyesha mambo mawili ambayo, yakiwekwa pamoja, yanashangaza.

La kwanza: katika kila watoto 100, karibu 80 walizaliwa katika kituo cha afya ao hospitali. Hiyo ni hesabu nzuri kwa nchi yenye barabara kama zetu.

La pili: kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wamama 846 walikufa kwa sababu ya mimba ao ya kuzaa. Hiyo ni hesabu mbaya sana.

Wamama wanakwenda maternite, na bado wanakufa. Namna gani? Kwa sababu jengo halizalishi mtu. Kuna maternite yenye mzalishaji hodari, dawa, damu, na ambulansi inayotembea. Kuna nyingine yenye kitanda, taa ya petroli, na mtu aliyejifunza kwa kuangalia wengine tu. Zote mbili zimeandikwa «maternite» juu ya mlango. Tangu wakati ule vifo vimepungua, lakini Kongo bado ni kati ya nchi zinazopoteza wamama wengi zaidi duniani.

Kwa hiyo hatuwezi kukuambia «enda maternite» na kunyamaza. Sharti ujue hatari zenyewe, na ujue ni mtu gani anayeweza kuzishinda.

HATARI NNE ZA SIKU YA KUZAA

Wamama wengi wanazaa vizuri. Lakini karibu 15 katika kila 100 wanapata shida kubwa, na mara nyingi hakuna anayeweza kusema mbele ni nani. Hata mama aliyezaa mara tatu bila shida anaweza kuipata mara ya nne.

1. Damu nyingi baada ya kuzaa. Hii ndiyo inayoua wamama wengi kupita zote. Karibu na siku ya kuzaa, zaidi ya nusu litri ya damu inapita kila dakika katika mishipa ya tumbo la uzazi. Mtoto akitoka, na kondo la nyuma likitoka, tumbo hilo sharti lijikaze kama ngumi ili kufunga mishipa ile. Kama limechoka na kulegea, damu inamwagika kama maji ya robine. Mama aliyekuwa mzima anaweza kufa kwa muda wa saa mbili, na pengine upesi kuliko hapo.

Dawa iko. Inaitwa oksitosini. Ni sindano moja ya yunite 10 katika msuli, inayotolewa dakika ile mtoto anapokwisha kutoka, kwa kila mama, kabla ya kuona damu. Lakini dawa hii inaharibika kwa joto, nayo inapaswa kukaa katika frigo. Pale ambapo hakuna frigo, kuna vidonge vya misoprostoli, na kuna sindano mpya zaidi, kabetosini isiyoharibika kwa joto.

Mwaka 2023 waganga wa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80. Waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupima damu, wala hawakukadiria tena kwa macho. Alama ikifikiwa, walifanya yote kwa mara moja: kusugua tumbo, dawa ya kulikaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kutafuta mahali damu inapotoka. Shida kubwa za damu zilipungua kwa 60 katika 100. Tazama vizuri: mfuko wa plastiki na mikono iliyofundishwa. Hakuna mashini kubwa hapo.

2. Kifafa cha mimba. Nguvu ya damu, yaani tansio, inapanda sana, mama anaanguka na kutetemeka. Watu wengine wanasema ni roho mbaya ao uchawi, wanampeleka kwenye maombi, na saa zinapita. Ni ugonjwa wa mimba. Dalili zake za mbele ni kichwa kuuma sana, macho kuona giza ao nyota, uso na mikono kuvimba, na maumivu juu ya tumbo. Mwaka 2002 uchunguzi juu ya wamama zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba dawa ya magnezi, wakipewa wale wenye tansio ya mimba, inapunguza kifafa hicho kwa nusu. Lakini bila kupima tansio, nani atajua kwamba mama anahitaji dawa?

3. Mtoto kukwama. Uchungu unaendelea usiku na mchana, njia inafunguka polepole ao haifunguki. Mzalishaji aliyesoma anaandika saa kwa saa, kwenye karatasi yenye mistari, namna njia inavyofunguka na namna moyo wa mtoto unavyopiga. Akiona mambo yanasimama, anapeleka mama kwa munganga wa kupasua mapema. Pasipo karatasi ile, watu wanangoja tu. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka, ao mama anabaki na kidonda cha fistula, mkojo unatoka bila kuzuiwa.

4. Mtoto asiyelia. Karibu mtoto mmoja katika 10 anahitaji msaada ili aanze kupumua. Wengi wanaanza wakipanguswa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache wanahitaji kutiwa hewa kwa mfuko mdogo wa mpira na kinyago, na inapaswa kuanza katika dakika ya kwanza. Kumshika miguu na kumpiga hakufai. Kumwagia maji baridi hakufai.

MAMA MZEE NA MZALISHAJI WA DIPLOMA

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe.

Katika kila mtaa kuna mama mzee anayejua kuzalisha. Amepokea watoto makumi kwa makumi. Anajua kumpa mama moyo, anajua kungoja bila haraka, na wamama wanampenda kwa sababu hapigi kelele. Tunamheshimu. Na kusema kweli, wazalishaji wengine wa diploma wangefaa kujifunza kwake namna ya kusema na mama mwenye uchungu.

Mwaka 1978, katika mkutano mkubwa wa Alma-Ata, nchi za dunia zilikubali kwamba watu wa desturi kama huyu wanaweza kusaidia kazi ya afya. Katika miaka ile na iliyofuata, mama wazee wengi walifundishwa majuma machache, wakapewa sanduku lenye sabuni, uzi na wembe mpya. Jambo hilo lilileta faida: kitovu kikikatwa kwa wembe safi, pepopunda ya watoto inapungua. Lakini miaka ilipopita ilionekana kwamba vifo vya wamama havikupungua kama ilivyotumainiwa. Mama mzee akiona damu inamwagika, sanduku lake halina oksitosini, wala hawezi kutoa damu ya kuongeza, wala hana njia ya kumpeleka mama. Tangu miaka ya 1990, Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilianza kusema kwamba sharti kila mama awe na mtu aliyesoma kazi hii kwa kweli.

Kusoma kwa kweli ni nini? Shirika la wazalishaji wa ulimwengu mzima, ambalo lina wanachama katika nchi nyingi, linataka masomo ya miaka mitatu kwa uchache. Kwa yule ambaye ni infirmier tayari, ni miezi 18 kwa uchache. Na katika masomo yale sharti azalishe kwa mikono yake, chini ya macho ya mwalimu, si kusoma vitabu tu.

Hapa kwetu mmezoea kusikia A2, A1 na A0. A2 amesoma masomo ya afya katika shule ya sekondari. A1 amesoma miaka mitatu ya masomo makubwa baada ya diploma ya Serikali, katika ISTM kwa mfano. A0 ameongeza masomo juu ya hapo. Lakini angalieni: infirmier wa A1 anaweza kuwa hodari sana kwa malaria na vidonda, na asiwe amejifunza kuzalisha kama mzalishaji mwenyewe, yule anayeitwa kwa Kifaransa sage-femme. Herufi peke yake haitoshi. Uliza diploma yake ni ya kazi gani.

Tena tunawaonya juu ya watu wanaovaa blouse nyeupe tu. Mtu aliyefagia dispanseri miaka kumi na kuona sindano zikipigwa, haimfanyi kuwa munganga. Mbaya kupita wote ni yule anayekuja nyumbani na kumpiga mama sindano ya «kuharakisha» kabla mtoto hajatoka. Oksitosini ile ile inayookoa baada ya kuzaa inaweza kupasua tumbo la uzazi ikipigwa kabla, bila kipimo na bila uangalizi. Majani makali ya kuongeza uchungu yana hatari kama hiyo, maana hakuna anayejua kipimo chake. Mtu akileta sindano ao majani ya namna hiyo, mfungie mlango.

«LAKINI ULAYA WANAZALIA NYUMBANI!»

Wengine wana jamaa Ubelgiji ao Ufaransa, nao wamesikia kwamba wazungu wengine wanarudi kuzaa nyumbani. Ni kweli. Katika Uholanzi desturi hiyo haikuisha kamwe. Lakini tazameni namna wanavyofanya.

Mwaka 2011 waganga wa Uingereza walitoa uchunguzi juu ya wamama zaidi ya 64,000, wote wenye mimba isiyo na tatizo. Kwa wamama waliokwisha kuzaa mbele, hawakuona tofauti kwa watoto, nyumbani ao hospitali. Kwa wale wa mimba ya kwanza, watoto waliopata shida kubwa walikuwa karibu 9 katika 1,000 kwa waliopanga kuzaa nyumbani, na karibu 5 katika 1,000 kwa waliopanga kuzaa hospitali. Tena, katika kila wamama 100 wa mimba ya kwanza walioanza nyumbani, 45 walihamishwa hospitali. Kwa wale waliokwisha kuzaa mbele, 12 walihamishwa.

Someni vizuri neno hilo «walihamishwa». Katika nyumba ile alikaa mzalishaji wa diploma, na sanduku lenye oksitosini, mfuko wa hewa wa mtoto na chombo cha kusikiliza moyo. Telefone inaita, ambulansi inakuja, barabara ni lami, na chumba cha kupasua kinangoja. Hata hivyo karibu nusu ya wamama wa mimba ya kwanza walihitaji kuondoka.

Ukitaka kuiga Ulaya, sharti uige yote: mzalishaji, sanduku, ambulansi na barabara. Kuchukua kitanda cha nyumbani tu na kuacha mengine, huko si kuiga.

DAKIKA ZINAVYOPITA

Tufikiri jambo hili. Bwana yuko poste ya usiku. Saa saba usiku bibi anazaa nyumbani, mtoto analia, watu wanafurahi. Baada ya dakika kumi kitambaa kimelowa damu, cha pili pia. Mama mkwe anasema: «Ni damu chafu, acha itoke.» Saa saba na nusu mama anasikia kiu na baridi. Jirani anasema wampeleke, lakini mama mkwe anasema: «Tungoje bwana, yeye ndiye mwenye franka na neno.» Saa nane wanaanza kutafuta gari. Saa tisa kasorobo pikipiki inapatikana, lakini mvua imenyesha na barabara ni matope. Saa tisa na nusu wanafika. Mzalishaji wa zamu anaamshwa. Sasa damu ya kuongeza inatafutwa.

Mwaka 1994 wachunguzi wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama anakufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutunzwa akiisha kufika. Katika mfano wetu zote tatu ziko. Na ya kwanza, ile iliyokula karibu saa nzima, ilikuwa mikononi mwa jamaa wenyewe. Haikutaka franka hata moja.

WEWE BABA, FANYA HAYA MAPEMA

• Peleka bibi CPN tangu miezi ya kwanza. Tangu 2016 OMS inashauri mara 8, ya kwanza kabla ya juma la 12. Kila mara tansio ipimwe. Kama hawakuipima, bibi aulize kwa heshima.

• Angalia kama jina la bibi yako limeandikwa vizuri kwenye karatasi za jamaa za kampani. Usingoje usiku wa uchungu ili kugundua kwamba halimo.

• Weka franka kidogo kidogo kila mwezi, mahali bibi anapojua. Uliza pia maternite yako juu ya mpango wa Serikali wa kuzaa bila malipo. Ulianza Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, kisha ukapelekwa mikoa mingine. Uliza kama maternite yako imeingia, na ni vitu gani bado vinalipwa.

• Patana mbele na mwenye gari ao pikipiki, pamoja na wa pili kama wa kwanza hayuko. Wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, kama mnakaa mbali, afadhali bibi ahamie kwa jamaa karibu na hospitali juma mbili kabla.

• Tafuta ndugu wawili ao watatu watakaokubali kutoa damu. Damu haitengenezwi katika fabriki.

• Mwambie kapita wako mwezi wa kuzaa wa bibi yako, ili wajue namna ya kukuita.

• Na kubwa kuliko yote: sema leo, mbele ya bibi yako, mama yako na majirani: «Kama mimi siko, msiningoje. Mpelekeni.» Maneno hayo yanaweza kumwokoa.

WASIOJARIBU NYUMBANI HATA KIDOGO

Mama wa mimba ya kwanza. Msichana asiyetimiza miaka 18. Mama aliyezaa mara tano ao zaidi. Aliyepasuliwa mbele. Mwenye mapacha. Mwenye mtoto aliyelala vibaya tumboni. Aliyetoka damu nyingi mara iliyopita. Mwenye tansio, ugonjwa wa sukari ao ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Hawa wazae hospitali penye munganga wa kupasua, hata kituo cha afya kidogo hakiwatoshi.

MASWALI MATANO YA KUULIZA MZALISHAJI

Enda umwulize mchana, mbele ya siku ya kuzaa, kwa adabu. Mwenye kujua kazi yake hakasiriki.

1. Mama, ulisoma wapi, na diploma yako ni ya kuzalisha?
2. Oksitosini iko? Inakaa katika frigo?
3. Mfuko wa hewa na kinyago cha mtoto viko wapi? Akuonyeshe.
4. Usiku nani anabaki hapa?
5. Mama akipata shida, mnampeleka hospitali gani, kwa gari gani, na nani anakwenda naye?

Anayejibu yote bila kutafutatafuta, kaa kwake. Anayesema «Kwangu shida haijatokea hata siku moja», ondoka. Hakuna mchimbaji wa kweli anayesema kwamba jiwe halianguki kwake.

Na mama mzee je? Aje pamoja. OMS yenyewe inashauri mama awe na mtu anayempenda karibu naye wakati wa kuzaa. Mama mzee amshike mkono, amkande mgongo, ampe maji, na awe wa kwanza kusema: «Twende maternite sasa.» Hiyo ni kazi kubwa na ya heshima.

MTOTO AKITOKA GHAFLA NYUMBANI

Inatokea, hata kwa waliojitayarisha. Basi:

• Tuma mtu kuita mzalishaji na gari mara moja. Nawa mikono kwa sabuni.

• Usimvute mtoto. Usikalie wala kusukuma tumbo la mama.

• Mtoto akitoka, mpanguse vizuri kwa kitambaa kikavu, umsugue mgongo, umlaze juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na uwafunike wote wawili. Aanze kunyonya.

• Kama hakuna wembe mpya na uzi safi, usikate kitovu. Kinaweza kungoja mpaka kwa mzalishaji. Usipake udongo, majivu wala mafuta ya gari.

• Usivute kitovu ili kondo la nyuma litoke. Kama halikutoka kwa nusu saa, ao damu inazidi, ondokeni upesi.

• Kondo likiisha kutoka, shika tumbo chini ya kitovu cha mama. Liwe gumu kama mpira. Likiwa laini, lisugue mpaka ligumue, na mama akojoe.

• Hata kama wote wanaonekana wazima, wapeleke maternite siku ile ile. Hatari ya damu inaendelea, na siku ya kwanza ni mbaya kuliko zote.

NENO LA MWISHO

Mtu akishuka mgodini, jina lake linaandikwa. Akitoka, linafutwa. Kama jina moja limebaki, hakuna anayekwenda nyumbani, watu wanatafuta. Tuhesabu wamama wetu namna hiyo hiyo. Kila mwenye mimba katika mtaa wako, majirani wajue mwezi wake, wajue gari lake, wajue maternite yake. Mzigo huu usibaki juu ya mama peke yake, usiku, bwana akiwa kazini.

Kata ukurasa huu, uuweke ukutani karibu na kitanda. Na leo jioni, kabla ya kwenda poste, semezana na bibi yako.